Njia ya miguu kutoka Kitulo hadi Matema: kikundi cha vijana kianze na lipi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha vijana 12 kutoka kata moja ya Busokelo, mkoani Mbeya. Tunataka kuanzisha safari ya siku tatu kwa miguu, kutoka Uwanda wa Kitulo, kushuka Milima ya Livingstone hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Vijia vipo, wazee wanavipita tangu zamani. Tuna shilingi milioni 3. Baadhi yetu wanataka tununue mahema, wengine wanataka tuanze na matangazo mtandaoni. Mwenyekiti wa kijiji naye anauliza kijiji kitapata nini. Tuanze na lipi, na tufanyeje ili njia isiwe imeharibika baada ya miaka miwili?

Jibu: Ndugu zangu, mahema yasubiri na matangazo yasubiri. Jambo la kwanza kuamua ni mtauza nini katika mwezi gani, kwa sababu hapo ndipo njia yenu itakapopona au kufa.

Kitulo inajulikana kwa maua. Ilipopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005 sababu kubwa ilikuwa hayo maua, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya hapo. Tatizo ni kwamba maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huohuo udongo wa uwandani, ambao asili yake ni volkano, huwa mwepesi na umelowa, na miteremko ya Livingstone inateleza. Mkiuza safari nzima ya siku tatu mwezi Februari kwa sababu ndio mwezi ambao wageni wanauliza, kundi la watu kumi na wapagazi wao litafanya kwa siku moja uharibifu ambao wanakijiji wachache wasingeufanya kwa mwezi. Kijia kinageuka tope, watu wanalikwepa kwa kupita pembeni, kinapanuka kutoka hatua moja hadi nne, majani yanakufa, na mvua inayofuata inachimba korongo.

Kwa hiyo gaweni bidhaa. Desemba hadi Machi uzeni matembezi mafupi ya uwandani, ya siku moja, yenye kwenda na kurudi, kwenye vijia ambavyo hifadhi yenyewe imevikubali. Juni hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu, uzeni mteremko wa kwenda ziwani. Aprili na Mei fungeni kabisa. Upande wa Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na mito huko chini haitabiriki. Mgeni wa Julai hataona okidi nyingi, yaani maua yanayoifanya Kitulo ijulikane, mwambieni hivyo kabla hajalipa. Ataona ziwa kutoka juu, anga safi, misitu, na usiku wa baridi kali unaoweza kuleta barafu kwenye nyasi asubuhi. Hiyo peke yake inatosha kuuza.

Baada ya hapo ipimeni njia. Kutoka uwandani, kwenye takriban mita 2,600, hadi ufukwe wa Matema ulio chini ya mita 500, mnashuka zaidi ya mita 2,000. Msimshushe mgeni urefu huo wote kwa siku moja hata kama kijana wa kijijini anaushuka asubuhi na kurudi jioni. Magoti ya mtu asiyezoea huanza kutetemeka baada ya mita 1,000 hivi za kushuka, na miguu iliyochoka ndiyo inayovunjika. Mpango unaoingia akilini ni huu: siku ya kwanza uwandani, kutembea bila mteremko mkubwa, siku ya pili kushuka hadi kijiji kilichopo kwenye mita 1,500 hivi, siku ya tatu kumalizia hadi ziwani. Mtu anayetoka moja kwa moja Dar es Salaam anaweza kuumwa kichwa juu ya mita 2,500. Njia yenu ina bahati kwamba inaelekea chini, na kushuka ndiyo tiba yake.

Muda wa siku hesabuni hivi. Kanuni ya Naismith, aliyoitoa Uskoti mwaka 1892, inatoa saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mteremko mkali ongezeni dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Tuseme siku ya pili ina kilomita 14, kupanda mita 300 na kushuka mita 1,400: ni saa 2 na dakika 48, jumlisha dakika 30, jumlisha dakika 47, jumla saa 4 na dakika 5. Hiyo ni ya mtu mwepesi, peke yake, bila kupiga picha. Kwa kundi zidisheni mara moja na nusu, mpate zaidi kidogo ya saa 6, kisha saa moja na nusu ya mapumziko. Mkiondoka saa 1:30 asubuhi mtafika kambini saa 9 alasiri, na mnabaki na saa tatu za mwanga kwa ajili ya dharura. Siku ambayo hesabu yake inamfikisha mgeni saa 12 jioni irekebisheni kwenye karatasi, kwa sababu ukungu ukishuka hamtaweza kuirekebisha njiani.

Ipimeni kwa miguu mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja mvua ikinyesha. Simu yenye GPS inatosha, na programu ya ramani inayofanya kazi bila mtandao. Andikeni kila chanzo cha maji na kama bado kinatiririka Septemba, kila kivuko, kila mahali simu inaposhika na ni mtandao upi, kila njia panda ambapo mgeni anaweza kupotea, kila mahali pikipiki inapofika. Hayo mawili ya mwisho yatawaokoa siku ya ajali.

Sasa kijia chenyewe. Vijia vya wazee vinakwenda moja kwa moja kutoka kijiji hadi kijiji kwa sababu mtu aliyebeba mzigo anataka njia fupi. Vimedumu kwa kuwa wanaopita ni wachache. Mtakapoongeza watu, maji ya mvua yatavitumia kama mifereji. Pimeni mwinamo kwa kamba ya mita 10, fito mbili zenye urefu sawa na pimamaji ya kuning'iniza kwenye kamba, ile ya mafundi ujenzi. Kamba ikiwa imelala sawa, tofauti ya kimo cha kamba kutoka ardhini kati ya fito moja na nyingine ikiwa mita 1, mwinamo ni asilimia 10. Lengeni wastani wa asilimia 10, vipande vifupi visizidi 15. Kikifika 20 na zaidi, ama mzungushe kijia kwa kona, ama mjenge ngazi za mawe zenye kimo cha sentimita 15 hadi 20 na upana wa kukanyagia usiopungua 30. Kuna kanuni nyingine ambayo wengi huisahau: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu wa mlima kinaopita. Ukizidi, maji hayatavuka kijia kwenda bondeni, yatakifuata.

Upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Upande wa bondeni uwe chini kidogo kuliko upande wa mlima, sentimita 4 au 5 kwa kijia cha sentimita 90, ili maji yatoke yenyewe. Kila mita 15 hivi kwenye mwinamo wa asilimia 10, na kila mita 10 penye mwinamo mkali zaidi, wekeni kitoa maji. Wengi hulaza gogo. Gogo huoza, na mwanzoni watu huliruka au kulizunguka. Bora mbonyeo mpana: kijia kinashuka, kinapanda kidogo kwa hatua tatu au nne, kisha kinaendelea kushuka, na pale chini kabisa maji yanatoka upande wa bonde. Hauna cha kuoza. Unahitaji tu kuzibuliwa tope, mara moja Oktoba kabla ya mvua na mara moja katikati ya msimu. Kama hakuna anayelipwa kuzibua hautazibuliwa, na nitalirudia hili kwenye fedha.

Penye kona za kwenda na kurudi watu watakata njia ya mkato. Jengeni kona mahali ambapo mtu hawezi kuiona kona ya chini, nyuma ya mwamba au kichaka, na mzibe mkato kwa mawe makubwa. Penye chemchemi na unyevu wa kudumu pangeni mawe ya kukanyaga. Msijaze matawi, yanaoza na kuongeza tope. Daraja la nguzo za mkaratusi huoza haraka pale nguzo inapogusa udongo, kwa hiyo ncha zake zikae juu ya mawe makavu. Kwenye kivuko kisicho na daraja chomekeni fito yenye alama ya rangi nyekundu usawa wa goti. Maji yakifunika alama, kundi linasubiri au linarudi, na kiongozi asibishane na mgeni juu ya hilo.

Kambi na choo viwe angalau mita 60 kutoka mto, chemchemi au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuleta madhara ndani ya umbali huo, na kiafya ni umbali sahihi pia. Kambini jengeni choo cha shimo, majivu yakiwa karibu ya kumwagia baada ya kila matumizi. Njiani, kiongozi abebe kijiko cha kuchimbia: shimo la sentimita 15 hadi 20, karatasi zirudi kwenye mfuko. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu kwa sababu huko hutokota kwenye joto dogo zaidi. Pikeni kwa gesi. Ukiona kuni zinaanza kuuzwa kambini, msitu wa karibu umeshaingizwa kwenye biashara yenu.

Kuhusu vibali, uwanda na sehemu ya msitu wa Livingstone viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Humo hamuingii kwa barua ya kijiji. Nendeni ofisi ya hifadhi mkiwa na ramani yenu, muulize ni vijia gani vinaruhusiwa, ada za sasa ni kiasi gani, na kama kundi linatakiwa kuwa na askari. Wakikataa kipande fulani, kubalini na mtafute kingine. Msitu huo ni makazi ya kipunji, nyani mdogo wa miti aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, na ukiondoa Rungwe na Kitulo anapatikana eneo moja tu la Udzungwa. Asilishwe, asifuatwe. Okidi nazo zina maadui tayari: viazi vyake huchimbwa na kusafirishwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Msiweke mtandaoni mahali hasa zinapoota, na kwenye picha zimeni taarifa za eneo.

Biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Kwa kikundi cha mtaji wenu kuna milango miwili: kusajiliwa kama utalii wa kiutamaduni kupitia Bodi ya Utalii Tanzania, au kufanya kazi chini ya kampuni yenye leseni iliyopo Mbeya, kwa mkataba. Mwaka wa kwanza ningechagua mlango wa pili. Kampuni ina gari, mahema, bima na wateja. Ninyi mna njia, watu na makubaliano ya vijiji. Mkataba useme nusu ya malipo inaingia wakati wa kuhifadhi nafasi na nusu kabla ya hatua ya kwanza, na kwamba kampuni haiwezi kupitisha kundi bila viongozi wenu.

Nje ya hifadhi mpo kwenye ardhi ya vijiji na mashamba ya watu. Hapa mwenyekiti ana haki ya kuuliza, ila jibu asipewe yeye peke yake. Pelekeni hoja Halmashauri ya Kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, katika kila kijiji ambacho njia inapita, na mpate muhtasari wenye mihuri. Mwenye shamba ambalo kijia kinakatiza aombwe kwa jina na akubali mbele ya watu. Wazee waulizwe makaburi, misitu ya mila na vyanzo vya maji visivyofaa kupitiwa, na njia ivikwepe bila mjadala. Wakinga wa juu, Wanyakyusa wa kati na Wakisi wa ziwani hawana taratibu moja. Msidhani kibali cha upande mmoja kinatosha kote.

Kijiji kitapata nini? Kipate kiasi kilichotajwa kwa kila mgeni, kisiwe asilimia ya faida. Faida mnaihesabu ninyi na kila mtu atashuku hesabu; vichwa vya wageni kila mtu anaviona vikipita. Tuchukue mfano wa wageni 4, siku 3, vijiji vitatu. Kiongozi mkuu 40,000 kwa siku, kiongozi wa nyuma 30,000, mpishi 30,000, wapagazi watano kwa 20,000 kila mmoja: 600,000 kwa siku tatu. Siku ya watu hao wanane kurudi makwao, kwa 20,000 kila mmoja: 160,000. Chakula cha wageni 300,000, cha wafanyakazi 192,000. Ada ya kambi, 10,000 kwa mgeni kwa usiku: 80,000. Mfuko wa kijiji, 10,000 kwa mgeni kwa kila kijiji: 120,000. Mfuko wa njia, 5,000 kwa mgeni kwa siku: 60,000. Uchakavu wa vifaa na dharura: 180,000. Gari kutoka Mbeya na kurudi: 450,000. Jumla 2,142,000. Ongezeni asilimia 20 ya ofisi na kodi, inakuwa 2,570,400, yaani 642,600 kwa mgeni, kabla ya ada za hifadhi na kamisheni ya kampuni.

Viwango hivyo ni vya mfano, wekeni vya kwenu, lakini angalieni kinachotokea wageni wakiwa wawili tu na wapagazi watatu: gari ni lilelile, viongozi ni walewale, na bei inapanda hadi karibu 940,000 kwa kila mmoja. Vikundi vingi hutangaza bei moja, hupata wageni wawili wawili, na hufunga baada ya msimu mmoja bila kujua hasara ilitoka wapi. Tangazeni bei kwa ukubwa wa kundi.

Mfuko wa njia uwe na akaunti yake na ulipe vibarua wa kuzibua mibonyeo ile niliyoitaja. Fedha hiyo isiguswe kwa harusi, misiba wala kampeni. Wapagazi pia wanaweza kubadilishana kwenye kambi ya katikati, wa juu wakarudi makwao na wa chini wakapokea. Mnaokoa gharama ya kurudi na kipato kinagawanyika. Mzigo usizidi kilo 15. Kilimanjaro wanatumia kilo 20, lakini mteremko wenu unateleza. Wapangeni wapagazi kwa zamu iliyobandikwa ukutani, maana Juni na Julai ni wakati watu wana mazao shambani na wasiopata taarifa mapema hawatatokea.

Chakula kinunuliwe njiani. Makete kuna viazi mviringo, kati kuna ndizi na maziwa, Kyela kuna mchele na samaki. Mkisafirisha tambi na makopo kutoka Mbeya mnalipa gari mara mbili na kubeba taka pia. Mwisho wa safari pelekeni wageni Lyulilo kwenye vyungu vya Wakisi, wanunue kwa mfinyanzi mwenyewe. Kuogelea waoneshwe sehemu salama: mbali na midomo ya mito kwa ajili ya mamba, na mbali na maji yaliyotuama yenye majani kwa ajili ya kichocho. Malaria juu uwandani si tatizo, ziwani ni tatizo, kwa hiyo usiku wa Matema ni wa chandarua.

Ajali inayotarajiwa zaidi ni kifundo cha mguu kwenye siku ya pili. Kumbeba mtu kwa machela kwenye kijia chembamba kunahitaji watu 6 hadi 8 kwa zamu fupi, kwa hiyo kila kijiji kiwe na orodha ya watu 12 hadi 16, na malipo yao yawe yamekubaliwa kabla. Hospitali ya karibu kwa sehemu ya chini ni ya Matema; kwa juu, tengenezeni mpango wa gari hadi barabara inayopitika mwezi huo. Hatari ya pili ni baridi: mgeni aliyelowa mvua na upepo uwandani, amevaa pamba, anaanza kutetemeka, kisha anaacha kutetemeka na kuongea ovyo. Hapo ni dharura. Kiongozi abebe turubai dogo, nguo kavu moja, blanketi la kuhifadhi joto na chupa ya chai moto, siku zote, hata jua likiwaka asubuhi.

Milioni 3 zenu ningezigawa hivi: 500,000 kupima njia mara mbili, 350,000 zana, yaani majembe, sururu, koleo, mapanga na pimamaji, 900,000 vibarua wa kijia na choo cha kambi, 600,000 mafunzo ya huduma ya kwanza, sanduku la dawa na machela, 250,000 mikutano, usajili na nauli za ofisini, 400,000 safari ya majaribio. Kwenye safari hiyo waalikeni watu wanne wasiojua milima, mmoja awe na zaidi ya miaka 50. Mfanyeni mmoja wao ajifanye ameumia mahali ambapo simu haishiki, na mpime inachukua saa ngapi kumfikisha kwenye gari. Ikizidi saa sita, tafuteni njia ya kutokea iliyo fupi zaidi kabla ya kupokea mgeni wa kulipa.

Mkihitaji mtaji zaidi, ulizeni halmashauri yenu kuhusu mikopo ya asilimia 10, ambayo vijana wana fungu lao la asilimia 4. Mahema mtumie ya kampuni msimu wa kwanza, na usiku wa pili wageni walale kwenye nyumba za kijijini zilizoandaliwa. Mtakapofika kununua, anzeni na mifuko ya kulalia inayostahimili nyuzi 0, kwa sababu hema la kukodi hupatikana Mbeya kwa urahisi kuliko mfuko mzuri wa baridi.